Vijana Washirikishwe Mipango ya Anga Ikiwa Bado Mezani

Mwaka 2023 Rais wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, Mheshimiwa Samia Suluhu Hassan, alitangaza kuwa nchi yetu imeanza matayarisho ya kurusha setilaiti yake yenyewe. Tarehe 20 Aprili 2025 Umoja wa Afrika nao ukazindua mjini Cairo Shirika la Anga la Afrika. Mambo haya mawili, moja la taifa letu na jingine la bara letu, yanatosha kutuonesha kuwa suala la anga za juu limekwisha kutoka katika hadithi na kuingia katika makabrasha ya Serikali. Na kila jambo lililoingia katika makabrasha huwa na watu wanaoliandika, watu wanaolisoma, na watu wanaosubiri kuambiwa.

Khofu yetu, nayo ndiyo iliyotufanya tulishike jambo hili leo, ni kwamba vijana wa Pemba wamewekwa katika fungu hilo la tatu.

Tumezoea kusema kuwa vijana ni taifa la kesho. Kisha tunawaita siku ya sherehe wacheze halaiki, wapange mistari barabarani, wapokee fulana, na jioni warudi makwao. Mipango yenyewe huwa imekwisha kupitishwa siku nyingi kabla ya ngoma kupigwa. Katika kazi ya kujenga soko au kisima, ada hii ni kasoro ndogo inayoweza kusahihishwa mwaka unaofuata. Katika kazi ya anga ni kosa kubwa, kwa sababu kazi ya anga ina umri mrefu kuliko uongozi wa mtu yeyote.

Tuchukue mfano. Chama Cha Mapinduzi kilizaliwa tarehe 5 Februari 1977. Tarehe 5 Septemba mwaka huo huo Wamarekani walirusha chombo kiitwacho Voyager 1 kwenda kuzitazama sayari za mbali, Mushtarii na Zohali. Kilizipita, kikaendelea na safari yake, na hadi mwaka 2025 kilikuwa bado kinaleta habari duniani. Wengi wa waliokibuni wamestaafu, na wengine wametangulia mbele ya haki. Miongoni mwa wanaokihudumia wamo watu ambao hawakuwa wamezaliwa kilipoondoka. Kadhalika darubini kubwa ya James Webb, iliyorushwa tarehe 25 Disemba 2021, ilianza kujadiliwa mwaka 1989. Aliyekuwa darasa la kwanza wakati wa mjadala ule alikuwa mtu mzima mwenye watoto siku darubini ilipopanda. Basi anayepanga mambo ya anga leo anampangia mtoto aliyeko skuli ya msingi Konde au Kengeja, na itakuwa ajabu mtoto huyo asiwe na pahala pa kusemea.

Wapo watakaodhani kuwa mambo haya ni mageni kwetu. Si mageni hata kidogo. Mwaka 1960, Zanzibar ingali chini ya Mwingereza, Marekani na Uingereza zilikubaliana kujenga huko Tunguu, kisiwani Unguja, kituo cha kufuatilia vyombo vya mpango wa Mercury, mpango wa kwanza wa Marekani wa kumpeleka mtu angani. Tarehe 20 Februari 1962, John Glenn alipoizunguka dunia mara 3, Unguja ilikuwa moja ya vituo vilivyopokea habari zake kutoka juu. Mkataba ulikuwa baina ya London na Washington, mwananchi hakuulizwa. Kwa kuwa hakuulizwa, aliamini aliloliona kuwa karibu na ukweli, yaani kwamba kituo kile ni ngome ya maroketi ya vita na kwamba kitakuja kuvileta visiwa vyetu katika shabaha ya mabomu. Vijana wa siasa wa enzi hizo walikuwa mstari wa mbele kukipinga.

Kwa kujua tunayoyajua sasa, kituo cha Tunguu hakikuwa na roketi lolote; kilikuwa na milingoti na mitambo ya redio. Hata hivyo hatuwezi kuwacheka waliokishuku. Roketi la Atlas lililomchukua Glenn lilibuniwa kwanza kwa ajili ya kubeba mabomu ya nyuklia kutoka bara moja hadi jingine. Mashindano ya anga ya miaka ile yalikuwa ni vita vya maneno na vya khofu baina ya wakubwa wawili, na sisi tulikuwa kiwanja. Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, Serikali ya Mzee Abeid Amani Karume ilitaka kituo kiondolewe, na kufika mwisho wa Aprili mwaka huo kazi yake ilikuwa imekwisha.

Tunalikumbusha hili si kwa ajili ya kufukua ugomvi wa zamani. Tunataka msomaji aone jambo moja: kwa miaka kadhaa chombo cha sayansi kubwa kuliko zote za wakati ule kilikaa katika ardhi yetu, na vijana wetu walikuwa na nafasi ya kusema neno moja tu juu yake, nalo ni "ondokeni." Lilikuwa neno la haki. Lakini wangeweza kusema mengine kama wangefunzwa, na kama wangekaribishwa.

Kaskazini yetu, katika pwani hii hii, jirani zetu walipitia njia nyingine wakafika karibu pahala pale pale. Huko Ngomeni, karibu na Malindi, Wataliani walisimamisha baharini jukwaa la San Marco, na kuanzia mwaka 1967 hadi 1988 wakarusha hapo maroketi. Sababu ya kuchagua pwani yetu ni ya kimaumbile. Dunia inajizungusha kuelekea mashariki, na katika mstari wa ikweta ardhi inakwenda kwa mwendo wa takriban kilomita 1,670 kwa saa. Roketi linalorushwa karibu na mstari huo kuelekea mashariki hupata msukumo huo bila ya kulipia mafuta, na chini ya njia yake ni bahari, hapana mji wa kuangukiwa. Pemba, ikiwa nyuzi 5 tu kusini ya ikweta, ina neema hiyo hiyo, ingawa hatusemi kuwa tunataka maroketi Wesha.

Tarehe 12 Disemba 1970, siku ya sikukuu ya uhuru wa Kenya, ilirushwa hapo setilaiti iliyopewa jina la Uhuru. Ilikuwa ya mwanzo duniani kutengwa kwa kazi ya kutazama miale ya eksrei itokayo kwenye nyota, na Riccardo Giacconi aliyeongoza kazi hiyo alipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2002. Neno la Kiswahili lilipanda mbinguni kabla ya Mswahili. Kutoka siku ile ilipita zaidi ya miaka 47 hadi Kenya ilipopata setilaiti yake ya kwanza: kijisanduku cha sentimita 10 kila upande, kilichotengenezwa na Chuo Kikuu cha Nairobi kwa kushirikiana na chuo kikuu kimoja cha Roma, na kuachiliwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga mwezi Mei 2018. Nafasi ile ilipatikana kwa mpango wa Umoja wa Mataifa na shirika la anga la Japani, mpango uliowekwa makusudi kwa nchi zinazoendelea. Mwaka 2022 Uganda nayo ilipata setilaiti yake, PearlAfricaSat-1, iliyotengenezwa na wahandisi watatu vijana waliopelekwa kusoma katika Taasisi ya Teknolojia ya Kyushu, Japani. Watu watatu tu! Taifa lililochagua watatu, likawalipia na kuwangoja, lilipata chombo na likapata watu wanaojua namna kinavyofanya kazi.

Ng'ambo ya bahari, huko Ghuba ambako majahazi ya babu zetu yalikwenda na kusi na kurudi na kaskazi, Falme za Kiarabu ziliamua kupeleka chombo Mirihi. Uongozi wao uliwapa mafundi sharti la kukijenga chombo pamoja na wenzao wa vyuo vikuu vya Marekani, si kukinunua kikiwa tayari. Chombo hicho, kilichoitwa Al-Amal, yaani Matumaini, kilirushwa Julai 2020 na kuifikia Mirihi tarehe 9 Februari 2021. Aliyeongoza upande wa sayansi, Bibi Sarah Al Amiri, alizaliwa mwaka 1987. Tunajua kuwa wenzetu wana mafuta na sisi tuna karafuu. Lakini kumkabidhi kazi nzito mwanamke wa miaka thelathini na kitu hakuhitaji pipa hata moja la mafuta.

Sasa tuje nyumbani, maana msomaji wetu wa Micheweni ana haki ya kuuliza: haya yote yananihusu nini, nami ninataka maji, dawa na bei nzuri ya karafuu? Swali hili tumelisikia mabarazani, na ni la haki. Lau kama uamuzi ungekuwa baina ya kisima na roketi, sisi tungesema kisima. Lakini Serikali imekwisha kusema kuwa setilaiti itakuwapo. Swali lililobaki ni itatazama nini, kwa jicho la namna gani, na kwa manufaa ya nani. Hapo ndipo Pemba inapoingia, na ndipo kijana wa Pemba anapokuwa na elimu ambayo mtaalamu wa mbali hana.

Setilaiti si kitu kimoja. Ipo ya mawasiliano, inayokaa juu kiasi cha kilomita 36,000 na kuonekana kama imesimama pahala pamoja. Hiyo ni ghali, na faida yake ni simu, redio na televisheni. Zipo ndogo zinazopita chini, kilomita mia chache tu, zikipiga picha za ardhi na bahari. Hata hizo hazifanani. Yenye kamera ya kawaida haioni chini ya mawingu, na sisi wakati wa masika mbingu zetu zimefunikwa wiki nzima. Yenye rada huona usiku na mchana, penye wingu na pasipo wingu. Aidha, ipo ambayo nukta moja ya picha yake ni mraba wa meta 30 kwa 30. Kwa mashamba makubwa ya ngano ya nchi za baridi hiyo inatosha. Kwa shamba la Pemba, ambamo mkarafuu umesimama baina ya mnazi na mwembe na chini yake pana muhogo, nukta hiyo itatoa rangi ya kijani tu isiyosema kitu. Mpango utakaoandikwa bila ya kumsikiliza mtu wa visiwa unaweza kabisa kuleta jicho lisilotuona, na kosa la namna hiyo likishapaa halirekebishiki.

Mambo ya kutazamwa ni mengi. Wakulima wetu wa mwani, ambao wengi wao ni akina mama, wameona mwani wa bei nzuri ukioza kwa sababu maji ya ufukweni yamezidi joto. Joto la maji hupimwa kutoka angani. Mabonde ya mpunga yanaingiliwa na maji ya chumvi. Mstari wa chumvi unaweza kufuatwa mwaka hadi mwaka. Mikoko inakatwa, msitu wa Ngezi unahitaji mlinzi asiyelala, na maji ya Misali yana wavuvi wanaoingia kwa ruhusa na wasio na ruhusa.

Na kuna bahari yenyewe. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja bila ya mtu kujua kinakuja, kikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya kisiwa kile. Pemba ilinusurika, na ndipo tulipokuwa sisi kisiwa cha karafuu. Mwezi Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokuwa kinaikaribia pwani ya Tanzania, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikifuata kwa picha za setilaiti siku kwa siku, na safari za vyombo baharini zikasitishwa. Tofauti baina ya miaka hiyo miwili ndiyo jibu kwa anayesema kuwa anga si shida yetu. Tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama ikija huku Pemba, na mamia ya ndugu zetu wakapotea. Setilaiti haimzuii mwenye meli kuzidisha abiria. Hilo ni la sheria na la dhamiri. Lakini tangu miaka ya 1980 upo duniani mfumo wa setilaiti unaosikia mlio wa kifaa cha dharura na kuonesha chombo kilichopatwa kiko wapi. Mvuvi wa Mkondo wa Pemba anayelala usiku katika ngalawa anahitaji kifaa hicho kwa bei anayoiweza. Kijana wa kwao, aliyekwisha kumngoja baba ufukweni hadi alfajiri, ndiye atakayeliuliza swali hilo katika kikao. Mwingine hatolikumbuka.

Watu wa Pemba si wajinga wa mbingu. Wazee wetu walihesabu mwaka kwa Nairuzi na miongo yake, wakajua wakati wa kupanda kwa kukitazama Kilimia, na manahodha wakashika njia kwa nyota. Chuoni tulifunzwa kuwa nyota ni uwongofu kwa msafiri wa nchi kavu na wa baharini, na mashehe walitufundisha falaki kwa ajili ya kibla na mwezi mwandamo. Kijana aliyesoma chuo akifunua ramani ya nyota iliyochapwa Ulaya atakuta majina anayoyafahamu: Deneb ni mkia, Rigel ni mguu, Fomalhaut ni kinywa cha samaki. Elimu hii ilipita mikononi mwetu. Tulipoiacha ndipo ikaonekana kuwa ya wengine.

Wala si ya zamani tu. Kuanzia mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi ya Zanzibar, pamoja na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na kwa msaada wa Benki ya Dunia, iliendesha kazi ya kupiga picha visiwa vyetu kwa ndege ndogo zisizo na rubani, na waliozirusha ndege hizo wakawamo wanafunzi wa chuo hicho. Vijana wetu walipanga njia za ndege, wakaziunganisha picha, wakatoa ramani. Kutoka kusoma picha ya ndege hadi kusoma picha ya setilaiti ni hatua fupi. Na tukumbuke kuwa kampasi kuu ya chuo hicho ipo Tunguu, eneo lile lile kilipokuwa kituo cha Wamarekani.

Zaidi ya hayo, kijana hahitaji kungoja setilaiti yetu ipae. Picha za Landsat za Marekani zinatolewa bure tangu mwaka 2008, na za setilaiti za Ulaya ziitwazo Sentinel, zikiwamo za rada, nazo ni bure. Kisiwa cha Pemba kimo ndani ya picha hizo. Kinachokosekana ni kompyuta yenye nguvu, intaneti isiyokatika, na zaidi ya yote mwalimu wa hisabati na wa fizikia anayebaki skulini kwake. Tunawaambia wakubwa wa elimu bila ya kuficha: skuli isiyo na mwalimu wa fizikia haitoi mpangaji wa anga, hata ukiipelekea risala nzuri namna gani.

Duniani vijana wamekwisha kupewa kiti. Katika mkutano wa Umoja wa Mataifa juu ya anga uliofanyika Vienna mwezi Julai 1999, vijana waliitisha jukwaa lao pembeni ya mkutano, na mapendekezo yao yakazaa baraza la ushauri la watu wa miaka 18 hadi 35, ambalo limepewa nafasi ya mtazamaji katika kamati ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia matumizi ya amani ya anga. Mtanzania anaruhusiwa kujiunga. Umoja wa Afrika nao uliipa lugha ya Kiswahili hadhi ya kuwa lugha yake ya kazi mwezi Februari 2022. Kijana wa Wete akifika Cairo hana sababu ya kunyamaza kwa kuogopa Kiingereza.

Kwa hivyo tunayo maombi kwa Chama na kwa Serikali zetu mbili. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Pemba watu zaidi ya 540,000, na atakayepita njia za Chake Chake saa ya kutoka skuli ataona wengi wao ni wa umri gani. Mabaraza ya vijana yapo kwa sheria tangu mwaka 2013, hadi ngazi ya shehia, yatumiwe. Umoja wa Vijana wa CCM usione kuwa anga ni jambo la wahandisi tu, bali uliingize katika madarasa yake. Ndani ya kamati yoyote ya taifa itakayosimamia setilaiti, pawe na vijana wa visiwani, wa kike na wa kiume, wenye haki ya kusema na ya kupiga kura. Wachache, japo watatu kama wa Uganda, wateuliwe kwa mtihani wala si kwa jina la baba, wapelekwe kusoma, na wawekewe kazi ya kuirudia.

Na rasimu ya mpango wenyewe iletwe Pemba kwa Kiswahili ikiwa ingali rasimu, isomwe katika skuli ya Fidel Castro na nyenginezo, ijadiliwe na wavuvi wa Mkoani na wakulima wa mwani wa Micheweni wakiwa na watoto wao, na maoni yao yaambatishwe kwenye waraka utakaopelekwa mbele ya Baraza la Mawaziri.